Bwawa la mashapo au bwawa la kudumu? Namna ya kuyapima kwa modeli kabla ya kuchimba

Karibu kila mradi mpya wa viwanja pembezoni mwa Dar es Salaam, iwe Goba, Kibada au upande wa Pugu, hufika kwenye swali lile lile: maji ya mvua yakishatoka kwenye mitaro, yasafishwe wapi kabla hayajaingia mtoni? Majibu yanayotajwa mara nyingi ni mawili, bwawa la kutuamisha mashapo na bwawa la kudumu lenye maji mwaka mzima. Kwenye ripoti nyingi yote mawili huandikwa "bwawa la maji ya mvua", kisha hupimwa kwa modeli moja na tarakimu zile zile. Nadhani hilo ndilo kosa linalotugharimu zaidi. Bwawa la mashapo hufanya kazi mvua ikiwa inanyesha na maji yanapita kwa nguvu. Bwawa la kudumu hufanya sehemu kubwa ya kazi yake mvua ikishakatika. Mabwawa yanayofanya kazi nyakati tofauti yanahitaji hesabu tofauti, na ukishaliona hilo uchaguzi wenyewe unakuwa mwepesi.

Kwanza tuelewane juu ya tunachozungumzia. Bwawa la mashapo ni dogo, limekaa kwenye njia ya maji, na sakafu yake ni ngumu ili kijiko kiweze kuingia na kuchota. Kazi yake ni kunasa mchanga na tope zito. Bwawa la kudumu ni pana, kina chake ni kama mita 1.5 au zaidi, lina maji hata wakati wa kiangazi, na juu ya usawa wa kawaida lina nafasi ya kupokea maji ya mvua. Yote mawili ni tofauti na mabwawa ya majitaka kama yale ya Vingunguti. Yale hupokea mtiririko wa kila siku unaotabirika, kwa hiyo fomula zake zisiazimwe kwa maji ya mvua, hata kama mchoro unafanana.

Anza na chupa, kompyuta baadaye

Kabla ya kufungua programu yoyote, subiri mvua kubwa, kinga maji ya mtaroni kwenye chupa ya plastiki inayoonyesha hadi urefu wa sentimita 20, itikise, iweke mezani, uitazame. Kasi za kuzama zinazotumiwa kwenye miongozo ya usanifu, kwa maji ya nyuzi 20, ni hizi: chembe ya mchanga laini yenye upana wa maikromita 125 huzama milimita 11 kwa sekunde, chembe ya tope ya maikromita 16 huzama milimita 0.18, na chembe ya udongo wa mfinyanzi ya maikromita 4 huzama milimita 0.011 tu.

Ndani ya chupa hiyo, mchanga laini utakuwa chini baada ya sekunde kama 18. Tope la maikromita 16 litachukua dakika 18 na ushee. Mfinyanzi wa maikromita 4 utachukua saa 5. Kwa hiyo chora mstari kwenye chupa mara tatu: baada ya sekunde 20, baada ya dakika 20, na baada ya saa 5. Rundo kubwa likiwa limekaa chini kwenye mstari wa kwanza, una tatizo la mchanga, na bwawa la mashapo litakusaidia sana. Chupa ikiwa bado ina rangi ya chai ya maziwa baada ya saa 5, mchanga si adui yako mkuu.

Jaribio hili halichukui nafasi ya maabara, na kwa mradi mkubwa sampuli lazima zipimwe ukubwa wa chembe ipasavyo. Ila nimeona modeli za kurasa 60 zilizojengwa bila mtu yeyote kuyatazama maji yenyewe, na chupa moja ingebadilisha hitimisho lake lote.

Maji yetu ni ya uvuguvugu, na hilo linatusaidia kidogo. Kwenye nyuzi 28 mnato wa maji hupungua, na chembe ndogo huzama haraka kwa karibu asilimia 20 kuliko zile tarakimu za nyuzi 20. Ni afueni ndogo isiyogeuza uamuzi, ila ukitumia jedwali la nchi ya baridi bila kulirekebisha, kumbuka kwamba limekuwa kali kidogo kwako.

Bwawa la mashapo: hesabu ya mvua moja

Bwawa hili unaweza kulipima kwenye lahajedwali, na kwa kweli ndivyo ningeshauri. Chukua kidakio, yaani eneo linalokusanya maji, cha hekta 10 za makazi chenye mgawo wa mtiririko 0.6, maana yake asilimia 60 ya mvua hufika mtaroni. Mvua ya milimita 30 kwa saa ikinyesha juu yake, mtaroni zitapita mita za ujazo 0.5 kwa sekunde.

Mhandisi Hazen alionyesha mwaka 1904 kwamba kinachoamua ni eneo la uso wa maji: gawanya mtiririko kwa kasi ya kuzama, upate eneo linalohitajika. Kwa mchanga wa maikromita 125 jibu ni mita za mraba 45 hivi. Lakini hilo ni bwawa la kufikirika, ambamo maji husogea yote kwa pamoja bila kusukasuka. Bwawa halisi lina pembe zilizolala, ambamo maji hayasogei, na njia za mkato, na fomula ya Fair na Geyer ya mwaka 1954 huliingiza jambo hilo kupitia ufanisi wa mtiririko, namba iliyo kati ya sifuri na 1. Bwawa refu lenye mlango wa kuingia upande mmoja na wa kutokea upande wa pili linaweza kufika 0.5 au zaidi. Ukitaka kunasa asilimia 90 ya mchanga huo, na kina cha kudumu kisizidi mita 1, utahitaji kama mita za mraba 197. Ufanisi ukishuka hadi 0.3 kwa sababu ya umbo baya, eneo linapanda hadi 260. Umbo peke yake limekugharimu theluthi ya ziada ya ardhi.

Sasa weka kwenye fomula ile ile, kwa ufanisi wa 0.5, tope la maikromita 16. Eneo linakuwa hekta 1.2. Weka mfinyanzi wa maikromita 4: hekta 19.7, karibu mara mbili ya kidakio chenyewe. Hapa ndipo ubishi kuhusu bwawa la mashapo unapokwisha. Kwa mchanga ni chombo kidogo, cha bei nafuu na chenye nguvu kubwa. Kwa mfinyanzi haliwezekani kabisa, na modeli yoyote inayokuonyesha bwawa dogo la mashapo likisafisha maji ya mfinyanzi ina kasoro mahali fulani.

Kwenye hesabu hiyo ongeza mambo mawili ambayo mara nyingi husahaulika. La kwanza ni njia ya pembeni kwa mvua iliyozidi ile uliyosanifia; bila hiyo, mafuriko ya siku moja yatazoa mashapo ya mwaka mzima na kuyamwaga mtoni. La pili ni nafasi ya kuhifadhi mashapo. Miongozo ya Australia hutumia mita za ujazo 1.6 kwa hekta kwa mwaka kwa maeneo ya mji uliokwisha jengwa, yaani mita 16 kwa hekta zetu 10. Usiichukue namba hiyo ukaipeleka kwenye mtaa wenye barabara za vumbi na viwanja vinavyochimbwa misingi. Nenda halmashauri au kwa mkandarasi anayezibua mitaro ya jirani, uliza ni tipa ngapi za mchanga hutolewa kila mwaka na kutoka urefu gani wa mtaro. Data hiyo ni ya mahali petu, na hakuna programu itakayokupa.

Bwawa la kudumu: mvua za miaka, si mvua moja

Ule mfinyanzi uliotaka hekta 19.7 kwenye maji yanayopita unaweza kuzama kwenye bwawa lenye kina cha mita 1.5 ndani ya saa 38, maji yakiwa yametulia. Hiyo ndiyo siri ya bwawa la kudumu. Mvua mpya huingia, husukuma nje maji ya zamani yaliyokwisha kutulia, kisha maji mapya hubaki yakisubiri zamu yake. Ubora wa maji yanayotoka leo umeamuliwa na siku kavu zilizopita.

Hapo chupa yako inakuwa na faida ya pili. Mita 1.5 ni mara 7.5 ya sentimita 20, kwa hiyo kila saa moja ya chupani ni takriban saa 7 na nusu za bwawani. Maji yaliyobaki na ukungu chupani baada ya siku nzima yatahitaji zaidi ya wiki bwawani, na hapo upepo wa kusi haujahesabiwa. Kama ukungu huo ni mwingi, fikiria kugandisha chembe kwa shabu au jasi, au ardhioevu yenye mimea baada ya bwawa. Kupanua bwawa peke yake hakutatosha.

Swali la modeli basi ni hili: je, siku tulivu zipo? Tuseme bwawa letu lina mita za mraba 4,000 na kina cha 1.5, yaani mita za ujazo 6,000. Mvua ya milimita 30 kwenye hekta zetu 10 huleta mita 1,800, chini ya theluthi ya bwawa. Ikifuatiwa na siku 5 kavu, kazi imefanyika. Lakini masika haiji hivyo. Siku tatu mfululizo za milimita 60 huleta mita 10,800, na bwawa lote limesukumwa nje karibu mara mbili kabla mfinyanzi haujapata nafasi ya kukaa. Ukilipima kwa mvua moja ya usanifu, hutaiona Aprili kamwe. Bwawa la kudumu lazima lipitishwe kwenye mfululizo wa mvua wa miaka kadhaa, masika, kiangazi na vuli zote zikiwemo, na ikiwezekana kwa hatua za dakika.

Data za mvua, mahali ambapo tofauti inauma

Data tunazozipata kwa urahisi kutoka vituo vya mvua ni za jumla ya siku. Tuchukue siku ya milimita 60. Ukiisambaza kwenye saa 24 ni milimita 2.5 kwa saa, na mtiririko wa hekta 10 unakuwa mita za ujazo 0.042 kwa sekunde. Mvua hiyo hiyo ikinyesha kwa saa 2, kama inavyotokea kwetu, ni milimita 30 kwa saa na mita 0.5. Tofauti ni mara 12. Bwawa la mashapo lililopimwa kwa data ya siku lingetoka na mita za mraba 16 badala ya 197, na lingekuwa kama halipo.

Bwawa la kudumu halidhuriki kiasi hicho kwa data za siku, kwa sababu hesabu yake inategemea zaidi ujazo wa maji na urefu wa siku kavu, na mambo hayo mawili data za siku huyaonyesha vizuri. Kwa hiyo kama huna kipimo cha mvua cha dakika, elewa kwamba mashaka yako makubwa yako kwenye bwawa dogo, ingawa ndilo linaloonekana rahisi.

Njia ninayoipendekeza ni kuomba takwimu za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, zikiwemo za vituo vya kujiendesha vyenyewe kama vipo karibu, kisha kutumia data za setilaiti za IMERG, ambazo ni za kila nusu saa, ili kujua mvua ya siku iligawanyika vipi kwenye saa. Jumla iwe ya kituo, mgawanyo uwe wa setilaiti. Kumbuka kwamba mraba mmoja wa IMERG ni kama kilomita 11 kila upande, kwa hiyo kilele cha mvua iliyopiga Kimara tu hulainishwa. Kwa kilele tumia mikondo ya mvua ya usanifu, yaani grafu za ukali wa mvua kulingana na muda wake, na uache nafasi ya usalama.

Programu: jina unalolibonyeza lina uzito

SWMM ya shirika la mazingira la Marekani, EPA, ilianza mwaka 1971 na hutolewa bure. Ni hodari kwa mitaro na mafuriko, lakini kwa usafishaji wewe ndiye unayeandika fomula. MUSIC ya Australia ni ya kulipia, na imejengwa mahsusi kwa ubora wa maji ya mvua; ina vituo vilivyo tayari, yaani vipande vya modeli unavyovibonyeza, kimoja cha bwawa la mashapo, kingine cha bwawa la kudumu, kingine cha ardhioevu. Urahisi huo una mtego wake.

Kila kituo kina kasi ya usafishaji, inayoitwa k, na kiwango cha uchafu ambacho maji hayawezi kushuka chini yake, C*. Kwa mashapo yanayoelea, tarakimu za mwanzo za bwawa la mashapo ni k ya mita 8,000 kwa mwaka na C* ya miligramu 20 kwa lita. Za bwawa la kudumu ni 400 na 12. Tumia fomula rahisi ya maji yanayosogea kwa pamoja, weka mzigo wa maji (ujazo wa mwaka ukigawanywa kwa eneo la bwawa) wa mita 4,000 kwa mwaka na maji ya miligramu 300 yanayoingia. Kituo cha kwanza kitakupa miligramu 58 zinazotoka. Kituo cha pili, kwa eneo lile lile na maji yale yale, kitakupa 273.

Maji hayajabadilika, umebadilisha jina tu. Tarakimu hizo zimepangwa kwa kudhani kwamba bwawa la mashapo hupokea maji mabichi yenye chembe kubwa, na bwawa la kudumu hupokea maji yaliyokwisha kunyang'anywa mchanga. Ukiweka kituo cha bwawa la mashapo kwenye maji ya mfinyanzi, modeli itakusifia bure. Ukiweka bwawa la kudumu peke yake mbele ya mtaro wa mchanga, modeli itakudharau kuliko inavyostahili, na bwawa lenyewe litajaa mchanga mlangoni. Wakaguzi wa tathmini za athari kwa mazingira wangefanya vyema kuuliza k na C* zimetoka wapi kabla ya kuuliza asilimia ya usafishaji.

Yasiyoonekana kwenye skrini

Kiangazi ndicho kinachonitia wasiwasi zaidi kuhusu bwawa la kudumu. Kuanzia Juni hadi Septemba maji mapya ni machache mno. Uvukizi ukiwa milimita 5 kwa siku, siku 100 huondoa nusu mita, na bwawa la mita 1.5 linabaki na mita 1 ya maji ya uvuguvugu. Miongozo ya Australia hulenga maji yasikae zaidi ya siku kama 30 yakiwa ya nyuzi 20, na siku 20 yakiwa ya nyuzi 25, kwa hofu ya mwani wa bluu-kijani. Yetu yatakaa miezi, kwa joto lililozidi hapo. Kwa hiyo usiridhike na wastani wa mwaka. Iamuru modeli ikutolee muda wa maji kukaa, mwezi kwa mwezi.

Halafu kuna mbu. Kwenye maji ya uvuguvugu yai huwa mbu kamili ndani ya wiki moja hadi mbili. Bwawa la mashapo linaloweza kukaushwa ndani ya siku tatu baada ya mvua hulivunja duara hilo. Bwawa la kudumu haliwezi, hivyo linahitaji samaki wanaokula viluwiluwi na kingo zisizo na vidimbwi vya majani, pamoja na ulinzi dhidi ya kichocho pale watoto wanapoingia kuogelea. Na wataingia. Weka mteremko mpole ukingoni na uzio unaodumu, viwe sehemu ya gharama tangu siku ya kwanza.

Kuna pia jambo ambalo sisi sote tunalijua na hakuna modeli ya kigeni inayolijua: mvua ikinyesha, wapo wanaotapisha vyoo mtaroni. Naitrojeni na fosforasi hupanda kuliko tarakimu za maji ya mvua zilizomo kwenye programu. Bwawa la mashapo halitalitibu hilo, lakini pia halitalihifadhi. Bwawa la kudumu litalihifadhi, na kiangazi litakuwa la kijani na lenye harufu mbele ya nyumba za watu. Mahali ambapo utapishaji ni wa kawaida, singechimba bwawa la kudumu hadi suala la vyoo lishughulikiwe.

Hata uchafu unaotolewa haulingani. Mchanga wa bwawa la mashapo, ukishakauka na kupimwa, una wateja, na vijana wanaochota mchanga mtoni ni ushahidi tosha. Tope la bwawa la kudumu ni laini, hukauka polepole, na ndilo lililobeba metali na mafuta ya barabarani, kwa kuwa vitu hivyo hushika zaidi kwenye chembe ndogo. Linahitaji mahali maalumu pa kutupwa.

Lipi kwa nani

Kwa miteremko ya Pugu, ambako Msimbazi unaanzia, na kwa viwanja vipya vyenye udongo wa kichanga, ningechagua bwawa la mashapo bila kusita, tena mengi madogo karibu na chanzo. Mchanga unaoinua kitanda cha mto pale Jangwani hushuka kutoka juu, na kila tipa inayochotwa huko juu haifiki chini. Lahajedwali linatosha, mradi kilele cha mvua kiwe cha kweli.

Kwa mtaa uliokwisha kuwekwa lami na kupandwa nyasi, mitaro safi, mchanga kidogo, tope laini jingi na chama cha wakazi chenye mtu wa kulipwa kila mwezi, bwawa la kudumu lina maana. Lipimwe kwa miaka kadhaa ya mvua, na liwe na kijibwawa cha mashapo mlangoni ili kazi ya kijiko ibaki sehemu moja. Kwenye modeli hivyo ni vituo viwili vinavyofuatana, kila kimoja na k yake.

Kwenye eneo la ujenzi ambalo udongo uko wazi kwa mwaka mmoja au miwili, chimba bwawa la mashapo la muda, na kama chupa ilibaki na ukungu, weka jasi au shabu kisha subiri maji yatulie kabla ya kuyaachia.

Ukikwama katikati, uliza nani atachota na lini. Mwezi unaofaa ni Agosti au Septemba, ardhi ikiwa kavu na vuli haijafika. Andika kwenye mchoro njia ya kijiko, uwanja wa kuanikia tope, na alama ya zege ndani ya bwawa inayoonyesha nusu ya kina cha mashapo, ili hata fundi asiyejua modeli aone kwamba imefika zamu ya kuchota. Kisha iendeshe modeli mara ya pili bwawa likiwa limejaa mashapo hadi kwenye alama hiyo, na tarakimu hizo za pili ndizo uzipeleke kwa mteja.